Ruhusa ya Kumnyanyua Dada

Kila asubuhi, kabla mkate haujakatwa, sharti kisu kinolewe. Hata kama kilinolewa jana. Hata kama mkate wenyewe ni laini kiasi cha kukatika kwa uzi. Raewyn Duthie hakuweza tena kushika kisu. Ugonjwa wa neva ulikuwa umemnyang'anya miguu kwanza, kisha mikono, na vidole vyake vililala mapajani kama glavu za mtu aliyeondoka. Lakini masikio yalikuwa mazima. Alitaka kusikia chuma kikipita juu ya chuma, upande huu, upande ule, ndipo aseme, "Haya. Kata."

Asubuhi ya kwanza kampuni ya huduma za majumbani ilipompeleka Losaline Taufa kumhudumia, Losaline alidhani mama huyu ana lake jambo kichwani. Alichukua kisu, akakiweka juu ya mkate, na sauti ikatoka kitini nyuma yake.

"We bibie! Huko kwenu Tonga mnakata kwa kisu butu?"

"Ni mkate tu, Bi Duthie."

"Bi Duthie alikuwa mama yangu, na yuko makaburini. Mimi ni Rae. Noa kwanza."

Akanoa. Alinoa vibaya, kwa woga, na Rae akamcheka mpaka mate yakamwendea njia siyo, ikabidi apigwepigwe mgongoni. Urafiki wao ulianzia hapo.

Rae alikuwa mkata nyama. Tangu usichana wake alifanya kazi katika machinjio nje ya mji wa bandari wa Oamaru, kusini kabisa mwa dunia, kisu mkononi, mizoga ya kondoo ikimpita imening'inia, mpaka siku kisu kilipomponyoka mara ya pili katika zamu moja, akajua kwamba mkono haumtii tena. Mume hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Alikuwa na nyumba ndogo ya mbao juu ya kilima, aliyoachiwa na mama yake, yenye dirisha la jikoni linalotazama barabara yote mpaka bandarini. Kiti chake cha magurudumu kilisogezwa hapo kila siku. Aliwajua watu wa mtaa kwa mwendo wao. "Yule katoka kwa daktari," angesema, "tazama alivyoinamisha bega." Mtu akimwita mgonjwa alimkemea: "Mimi si mgonjwa. Nimekaa tu." Hakuwa na ombi kubwa duniani. Alitaka kuzeekea dirishani pale, na siku ikifika, atolewe kwa mlango uleule aliotolewa mama yake.

Na kulikuwa na jambo moja lisilotajwa ndani ya nyumba ile. Jambo hilo lilikuwa na jina: Nev.

Losaline alilijua kwa njia ya viazi. Kila Novemba, vinapochimbwa viazi vya kwanza, mfuko ulikutwa kizingitini, viazi vidogo vyenye ngozi nyembamba, udongo bado umevishika.

"Nani kaviacha hivi, Rae?"

"Hakuna mtu. Kawape wanao. Humu ndani haviingii."

Losaline hakulelewa kutupa chakula. Alivibeba nyumbani, watoto wakala kwa siagi wakilamba vidole. Mumewe, ambaye alifanya kazi katika machinjio yaleyale, ndiye aliyemletea habari kamili kutoka kwa wazee wa kazini. Neville Duthie, kaka yake Rae, alikaa mitaa miwili tu chini ya kilima. Zamani, walipokuwa vijana, machinjio yaligoma majira yote ya baridi. Watu walikula kabichi na nyama ya sungura. Kaka na dada walisimama pamoja langoni, kwenye mstari wa wagomaji, mpaka asubuhi moja lilipopita lori lililofunikwa turubai, limewabeba waliokubali kurudi kazini. Upepo ukaliinua turubai. Rae akamwona kaka yake ndani, uso ameuinamisha. Tangu siku ile hakumwita tena kaka. Alimwita msaliti, na baadaye hakumwita kabisa. Mama yao alipozikwa walisimama pande mbili za kaburi.

"Kwa nini alipita?" Losaline alimuuliza mumewe.

"Wengine wanasema mtoto wake alikuwa mgonjwa. Wengine wanasema alichoka tu. Kule kazini haijalishi, mama watoto. Aliyepita kapita."

Losaline alilitafakari jambo lile mara nyingi akiendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba. Kwao visiwani Tonga dada humzidi kaka kwa heshima hata akiwa kitinda mimba. Kaka humheshimu, humlimia, na chumbani kwake haingii. Mtu anapompoteza dada, aliwaza, anapoteza mtu wa kumwinamia. Na huyu mzee alikuwa ameinamia viazi miaka yote hiyo.

Ukaja mwaka ambao wahudumu wa majumbani wenyewe waligoma. Sababu zilikuwa kuukuu kama viatu vyao. Muda wa kwenda nyumba hadi nyumba haukulipwa, petroli ilikuwa juu yao, na watu waliopaswa kunyanyuliwa na wahudumu wawili walinyanyuliwa na mmoja, mpaka migongo ikawa inakatika kabla ya umri. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Huhana Parata, mwanamke wa Kimaori mwenye kicheko kinachosikika barabara ya pili, aliwauliza ukumbini nani yuko tayari. Losaline aliinua mkono. Kisha akatoka nje, akaketi ndani ya gari lake, akalia. Nani atamnyanyua Rae?

Chama hakikuwa cha watu wasio na moyo. Kilitoa ruhusa kwa wahudumu wa wale wanaopumua kwa mashine au kulishwa kwa mrija waendelee kwenda. Huhana alimtaja na Rae, akapanda kilimani mwenyewe kumpa habari.

"Losaline atakuja asubuhi na jioni, Rae. Kamati imekubali. Una ruhusa."

"Mpeni mwingine."

"Mwingine gani? Wewe huwezi hata kujigeuza kitandani!"

"Asante kwa kunikumbusha, nilikuwa nimesahau." Rae aliyatazama mapaja yake. "Huhana, baba yako alikuwa na mimi langoni majira yale. Alikula sungura mpaka akawa anaruka. Kuna mtu aliwahi kuomba ruhusa kwa ajili yangu? Mgomo wenye matundu si mgomo, ni chekecheke."

Siku mbili kabla ya mgomo akaja Kirsten, mratibu kutoka ofisi ya kampuni, msichana mwenye adabu na sauti ya kubembeleza. Alimweleza Rae kwamba kampuni ingemletea mhudumu wa muda kutoka mji mwingine.

"Huyo akifika namrudisha kwao," Rae alisema.

"Basi itabidi uhamie nyumba ya wazee, Rae. Kwa muda tu. Labda kama kuna mtu wa familia. Una mtu?"

"Nilikuwa na kaka. Alikufa kwenye mgomo."

"Oo, pole sana," Kirsten akasema kwa huzuni ya kweli.

Losaline, aliyekuwa akikunja nguo, aliiuma midomo yake. Kilichomtisha hakikuwa uongo ule, bali yale maneno "kwa muda". Rafiki yake Rae, mwanamke aliyekuwa akikaa mtaa wa chini, alikwenda kule kwa muda alipovunjika nyonga. Nyumba yake ikapewa wengine akiwa bado anasubiri kupona. Rae aliwahi kumwona mara moja tu baada ya hapo, amekaa kwenye korido akitazama ukuta. Rae alijua, na Losaline alijua, kwamba mtu wa kiti cha magurudumu akishatoka mlangoni kwa muda, wapo wengi wa kuamua kwamba ni bora abaki huko huko.

Kirsten alipoondoka, Losaline alipiga magoti mbele ya kiti.

"Sikiliza. Nitakuja kimyakimya. Gari naacha kanisani, naingia kwa mlango wa nyuma. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi."

"Rae, jamani!"

"Ukija, karibu, mwenzangu. Kaa, kunywa chai, nisimulie umbea wa kanisani kwenu. Lakini ukigusa hata shuka langu, nakuita jina ambalo nimemwita mtu mmoja tu maishani mwangu." Macho yake yalikuwa makavu na makali. "Mlango wa nyuma! Unadhani yeye alipita wapi?"

Hapo ndipo Losaline alipoelewa. Rae akikubali mlango wa nyuma kwa ajili ya mgongo wake mwenyewe, basi miaka yote aliyomfungia kaka yake ilikuwa ya bure. Mtu anaweza kubeba kosa, lakini kubeba ubure wa nusu ya maisha ni mzigo mwingine.

Mgomo ukaanza. Wanawake walisimama barabarani mbele ya ofisi ya kampuni, makoti ya mvua juu ya sketi za kanisani, wakiimba nyimbo za ibada walizozigeuza maneno. Madereva waliopita walipiga honi. Kulikuwa na chai, na kulikuwa na majani ya magimbi yaliyofungwa nyama na tui, na vicheko. Losaline aliimba pamoja nao huku roho yake iko kilimani.

Jioni alikwenda kama mgeni. Mhudumu wa muda alikuwa amefika mchana, na Rae alimfukuza kwa maneno matamu kupitia dirisha la chumbani: "Mwanangu, nenda kwenu, huna kosa." Jirani, bibi kizee anayetembea kwa mkongojo, alikuwa amemnywesha uji kwa mrija na kumbadilisha alivyoweza. Kumnyanyua hakuweza. Chumba kilinuka mkojo na marashi yaliyopuliziwa kuuficha. Mashine ya kunyanyulia, ambayo Rae aliiita winchi, ilisimama pembeni na mkono wake mtupu. Pazia lilikuwa limefungwa nusu, na dirisha la jikoni, lile lenye barabara na bandari, lilikuwa ng'ambo ya ukuta, asikoweza kufika.

Losaline aliketi, mikono ameifungia mapajani kama mtu aliyetiwa pingu.

"Unaumwa?"

"Mgongo unawaka. Usiniangalie hivyo, unanitia njaa ya kuoshwa." Rae alifumba macho. "Kirsten kapiga simu. Kesho mchana gari linakuja kunichukua. Anasema kampuni haiwezi kuniacha nioze kitandani. Si mtu mbaya. Watu wasio wabaya ndio wanaotoa watu majumbani mwao."

"Kubali ruhusa ya Huhana, basi. Nakuomba kwa jina la Mungu."

"Hapana."

"Hakuna mtu hata mmoja anayeweza kukushika bila kuvunja mgomo?"

Nje upepo wa kusini ulikuwa ukitikisa mabati.

"Zamani," Rae alisema, kana kwamba anaongea na dari, "kanuni ilikuwa moja. Mke akimpikia mume, hajachukua kazi ya mpishi. Ndugu akimbeba ndugu, hajachukua kazi ya mtu. Ndugu hahesabiwi." Kisha akageuza uso upande wa ukuta. "Nenda ukalale. Kesho muimbe vizuri. Leo mlikuwa mnalia kama kondoo, hadi huku nimesikia."

Uongo, kutoka ofisini hadi kilimani hakusikiki kitu. Lakini Losaline hakulala. Alilisikia lile neno likizunguka. Ndugu hahesabiwi.

Asubuhi, badala ya kwenda mstarini, alikwenda mitaa miwili chini ya kilima. Alimkuta mzee mrefu, kofia ya sufu kichwani, amepiga goti moja kwenye tuta la viazi. Alikuwa na pua ya Rae ileile. Hakushangaa kumwona.

"Wewe ndiye unayemhudumia," Nev alisema. "Naliona gari lako likipanda."

"Mimi ndiye ninayekula viazi vyako, mzee wangu. Miaka yote. Samahani."

Nev alichomoa mche, akaukung'uta. "Nilijua. Nilimwona mwanao kabeba mfuko. Nikasema, heri vinaliwa." Akatazama juu kilimani. "Yukoje?"

Losaline akamweleza yote: kitanda, mgongo, gari la mchana. Wakati akisema, aliona aibu ya malezi yake ikimpanda shingoni, maana alikuwa akimwita kaka aingie chumbani kwa dada. Mama yake angekuwa hai angemzaba kofi. Lakini Mungu, aliwaza, hakuandika desturi ili watu walale kwenye mkojo.

"Hatanikubali," Nev alisema.

"Alisema ndugu hahesabiwi."

"Alinitaja?"

"Hapana. Alikuwa anaongea na dari."

Mzee yule akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Basi alikuwa anaongea na mimi. Ndivyo alivyokuwa akinisema kwa mama tangu utotoni."

Losaline alipiga simu kilimani. Rae alikuwa na simu isiyohitaji mkono, imewekwa karibu na mto. "Rae, niko bustanini kwa Nev. Anataka kuja."

Sauti ikatoka kwenye spika ya simu, nyembamba lakini haikutetemeka.

"Mwambie haingii kwangu kabla hajapita mstarini. Na safari hii asipite. Asimame. Aombe. Wakimpa ruhusa, mlango hauna kufuli."

Nev alisikia. Akavua glavu za bustani, akazipanga juu ya uzio, moja juu ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa. "Nibadilishe koti," alisema.

Alikuja na koti la mazishi. Losaline alimshusha mbele ya ofisi, naye akatembea polepole kwa goti lake bovu kuelekea kwenye wale wanawake. Wao waliona koti na viatu vilivyong'aa wakadhani ni mkubwa wa kampuni.

"Haya, baba mkurugenzi kaja!" mmoja akapaza sauti. "Umetuletea nini, pole au nyongeza?"

"Mpeni kiti, miguu yake inatetemeka kwa dhambi zake!"

"Mzee, kama umekuja kutuhubiria rudi, sisi wachungaji tunao wa kutosha nyumbani!"

Kicheko kikaenea. Nev akavua kofia. Upepo ukazitawanya nywele zake chache. Alisimama palepale mwanzo wa mstari, hakusogeza mguu mbele.

"Naitwa Neville Duthie," alisema. "Dada yangu ni Raewyn, wa kilimani. Nimekuja kuomba ruhusa ya kumnyanyua."

Wengine waliendelea kucheka, kwa kuwa ombi lilikuwa la ajabu. Lakini Huhana alikuwa ameacha kucheka. Jina lile alilisikia mezani kwao tangu utotoni, na kila mara baba yake alilitaja kama mtu anayetema kitu. Alimtazama mzee. Akaitazama kofia aliyoishika kifuani kwa mikono miwili. Wanawake wakahisi, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Unajua unachoomba?" Huhana aliuliza.

"Najua kuliko ninavyopenda kujua."

"Na ukikataliwa?"

"Narudi kwangu. Kesho nakuja kuomba tena."

Ndipo mama mmoja wa Kitonga, mkubwa kuliko wote pale, aliyekaa kwenye kiti cha kukunja na blanketi magotini, akasema, "We Huhana, unamhoji nini mzee wa watu? Kwetu kaka haombi ruhusa kumtumikia dada. Amezaliwa nayo." Akamtikisia Nev kidole. "Ila chumbani usiingie mpaka amevishwa vizuri. Umesikia, baba?"

"Nimesikia, mama."

Huhana alimimina chai kwenye kikombe cha bati. Hakusema amemsamehe, maana si yeye aliyekosewa, na wale waliokosewa wengi walikuwa makaburini. Alimpa tu chai, kama anavyopewa kila mtu anayesimama mstarini. "Kunywa kwanza," alisema. "Kisha nenda. Ruhusa unayo."

Nev aliinywa yote akiwa amesimama. Losaline aliona kikombe kikigongana na meno yake.

Jirani wa mkongojo alimfuta Rae na kumvisha gauni lake la maua kabla Nev hajakanyaga kizingiti. Kisha mzee akaingia chumbani, akaangalia chini. Ndugu wale wawili hawakusalimiana. Losaline alisimama ukutani, mikono nyuma, mgeni asiye na kazi. Hakuna kilichowahi kumgharimu kama kusimama kule.

Nev alipitisha mbeleko ya kitambaa kizito chini ya mgongo wa dada yake, polepole, akimgeuza huku na huku kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Akaisogeza winchi. Akaanza kuning'iniza vitanzi kwenye ndoano: cha bega hili cha bluu, cha bega lile cha kijani. Losaline alifungua mdomo.

"Wewe uko kwenye mgomo," Rae alimwambia. "Nyamaza."

Nev akabonyeza kitufe. Mkono wa mashine ukapanda ukinguruma, na Rae akainuka amelala upande kama gunia lililofungwa na mlevi.

"Bluu kwa bluu!" Rae alipiga kelele. "Bluu kwa bluu, we mpumbavu! Miaka yote ile ulining'iniza kondoo, leo dada yako ndiye unayemtundika mshazari?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Rae kwa kaka yake tangu mwaka wa lile lori. Nev alimshusha, akarekebisha kitanzi. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Losaline hakujua kama analia au anacheka, mpaka alipomsikia Rae naye akikoroma kwa kicheko kilekile kilichompelekea mate njia siyo siku ya mkate.

Nev akamketisha kitini, akamfikisha dirishani. Barabara ilikuwepo, na bandari ilikuwepo. Rae aliitazama yote taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Nyuma yake Nev alichukua mkate na kisu.

"Noa kwanza," Rae alisema bila kugeuka.

Nev alinoa. Losaline alikuwa amekinoa kisu kile kila asubuhi na kudhani ameshajua. Sasa alisikia mlio mwingine, mwepesi, wa haraka, wa watu waliofundishwa na mwalimu mmoja wakiwa vijana. Rae alifumba macho akiusikiliza. Alichelewa sana kusema, "Haya. Kata."

Gari la Kirsten lilifika wakiwa wanakula. Msichana aliingia, akawakuta mezani, makombo kila mahali.

"Rae? Huyu ni nani?"

"Kaka yangu."

"Lakini ulisema alikufa..."

"Ndiyo," Rae alisema huku akitafuna. "Na bado hajui kufunga vitanzi. Gari lenu lirudi tupu, mwanangu. Mimi niko kwangu."

Nev alikuja asubuhi na jioni mpaka mgomo ulipokwisha. Uliisha kama migomo mingi, nusu kwa nusu: muda wa njiani ukaanza kulipwa, mizigo mizito ikawa ya watu wawili, mengine wakaambiwa wasubiri. Si kila mtu alitoka salama. Mzee mmoja aliyehudumiwa na Huhana alipelekwa nyumba ya wazee kwa muda, na muda wake haujaisha hadi leo. Huhana humtembelea siku za Jumapili, na akirudi hacheki mpaka kesho yake. Losaline hulikumbuka hilo kila mtu anapoisimulia hadithi ya Rae kana kwamba ilikuwa hadithi ya wote.

Aliporudi kazini, alimkuta Nev bado yupo. Hakuna aliyemwambia aendelee kuja, hakuna aliyemwambia aache. Waligombana kutwa: juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani alivunja dirisha la shule zamani. Kuhusu lori, Losaline aliwasikia mara moja tu. Alikuwa akifua.

"Mtoto alikuwa na homa ya mapafu," Nev alisema.

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilijua baadaye. Ungeniambia mapema ningekupa sungura wangu wote." Akatazama barabara. "Na bado ningekuita msaliti."

"Haya."

"Chambua viazi."

Viazi vya Novemba sasa viliingia kwa mlango wa mbele, na watoto wa Losaline wakalalamika kwamba mgawo wao umepungua.

Rae aliishi miaka mingine kadhaa dirishani pale. Mwishoni pumzi yake ikawa fupi na mchana mwingi akawa anasinzia, lakini kila asubuhi kisu kilinolewa. Daktari alipotaja nyumba ya wazee Rae alimuuliza yeye mwenyewe analala kwa nani. Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Losaline alimfunika blanketi, akamwekea mrija karibu na mdomo, akavaa koti. Barabara ilikuwa na jua, na mbali chini, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu alikuwa akipanda kilima kwa goti lake bovu, mfuko mkononi. Rae alikuwa amemwona kabla yake. Aliwajua watu kwa mwendo wao. Losaline alishika kitasa, avute mlango nyuma yake kwa sababu ya upepo.

"Usiufunge, mwenzangu," Rae alisema. "Msaliti yuko njiani."